Jokofu la Mji: Mfanyakazi Namba Themanini na Nane

Bado ameinama pale pale ulipomwacha wiki iliyopita, msomaji, jicho kwenye kamera na kidole kwenye kitufe, na kidole kimegoma kubonyeza.

Kwa anayeidandia hadithi leo, tumsogezee kiti. Mama Flashi ni mpiga picha, mjane wa miaka hamsini na ushee, studio yake iko mtaa wa nyuma ya soko. Asubuhi hii halmashauri imemkodi apige picha za kikao kikubwa kuliko vyote vya mwaka. Madiwani wanaamua kama Jokofu liongezewe msamaha wa kodi, miaka kumi na mitano mingine, pamoja na bomba la pili kutoka bwawa la mji.

Jokofu ndilo jina watu walilolibandika lile jengo refu lisilo na madirisha, nje kidogo ya mji. Kwenye kibao limeandikwa kituo cha data. Ndani yake kuna maelfu ya kompyuta zinazotunza picha na ujumbe wa watu wa dunia nzima, na zinapozwa kwa maji kutwa kucha zisiungue. Ukipita ukasikia linavyonguruma, hutalitafutia jina lingine. Tangu bomba la kwanza lilazwe, mtaa wa Mama Flashi unapata maji Jumanne na Jumamosi.

Mkataba wa kwanza ulikuwa na sharti moja zito: ajira za kudumu mia mbili kwa wenyeji, la sivyo msamaha unakufa. Kampuni imeleta ripoti yenye nyuso na namba za wafanyakazi mia mbili na kumi na nne, na Mwenyekiti wa halmashauri, mtu anayependa picha kuliko hata kura, alimwambia Mama Flashi aipige picha ile ripoti ikiwa wazi mezani.

Akaivuta karibu kwa lenzi. Namba themanini na nane, mlinzi wa lango kuu, alikuwa marehemu mumewe.

Mtu aliyezikwa mwaka juzi, leo yuko zamu.

Kwanza alijiambia duniani wawili wawili. Kisha akaliona koti.

Studio yoyote ya mtaani ina koti. Mteja anakuja na fulana iliyopauka, anataka picha ya kuombea kazi, anavalishwa koti, anafungwa tai ya mpira, anapigwa, anavua, anampisha anayefuata. Koti la Mama Flashi ni jeusi, la mtumba, na ukosi wake wa kushoto aliushona kwa uzi wa buluu siku mweusi ulipomwishia. Mtu wa kawaida haoni kitu. Yeye uzi ule anauona hata akifumba macho.

Akatazama namba themanini na saba. Uzi wa buluu. Themanini na tisa, uzi wa buluu. Akajifanya anatafuta mwanga mzuri, akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Muuza nyanya wa kona ya pili sokoni alikuwa msimamizi wa mitambo ya baridi. Kinyozi wa karibu na stendi alikuwa fundi wa nyaya. Futikamba, yule mwashi anayetembea na futi yake mfukoni hata akienda kuzika, alikuwa mtaalamu wa kompyuta daraja la pili.

Futikamba mwenyewe alikuwa amekaa benchi la nyuma ukumbini humo humo, anasinzia.

Hapo Mama Flashi akaelewa. Picha hizo alizipiga yeye, wiki moja ya miaka miwili iliyopita, kampuni ilipotangaza nafasi na foleni ya studio yake ikafika mpaka buchani. Watu walizibandika kwenye fomu za maombi kwa gundi, wakapeleka, wakangoja, wakachoka kungoja, wakarudi kwenye nyanya zao. Mumewe alikuwa wa kwanza kwenye foleni, tena alinyoa mara mbili. Mwezi uliofuata presha ilimchukua.

Alizihesabu haraka haraka. Nyuso mia moja na themanini na tatu zilivaa koti lake. Thelathini na moja tu zilikuwa na ukuta wa kijivu nyuma, zilizopigwa na mashine ya kampuni langoni. Hao ndio wafanyakazi wa kweli. Na miongoni mwao, namba kumi na mbili, karani wa wafanyakazi, alikuwa binti yake wa pekee.

Hapo ndipo penye mwiba, msomaji. Ripoti ile ikianguka, itamwangukia nani?

*

Kura ilikuwa saa sita. Saa ya ukutani ilisema nne na nusu.

Mtu wa kwanza aliyemwendea alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye ni diwani na ndiye aliyelipigania Jokofu toka siku ya kwanza. Alimkuta kwenye korido ananyoosha tai mbele ya kioo cha dirisha. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ile orodha ina walakini, kwamba watu wengi mle hawajawahi kukanyaga Jokofu hata kwa kupotea njia.

Diwani hakushtuka kama alivyotarajia. Alimkumbusha barabara ya lami. Akamkumbusha umeme, ambao zamani ulikuwa ukija kama mgeni na sasa unalala. Akamkumbusha kwamba mtoto wa kaka yake mwenyewe anakula kwa sababu ya Jokofu, na kwamba mji wa jirani una kiwanja tayari na msamaha wa miaka thelathini mkononi, unangoja tu watu wa huku watibuane.

"Shemeji, ukiwa na njaa huulizi sahani ina ufa," alisema. "Leo thelathini, kesho mia. Mambo huanza hivyo."

"Hawakuandika thelathini, shemeji. Waliandika mia mbili na kumi na nne. Na lami naiona, siibishii. Naomba kuona watu."

"Umehesabu wewe?"

"Nimehesabu koti langu. Na kuna mmoja mle ndani, shemeji, ni..."

Kengele ya Mwenyekiti ikalia. Diwani akamshika bega, akamwomba asilivuruge jambo siku ya mwisho, akaingia ukumbini kabla ya kulisikia jina. Mama Flashi akabaki na neno mdomoni kama punje ya pilipili.

Akageuka kumtafuta binti yake.

*

Alimkuta kwenye chumba kidogo cha kutolea nakala, anapanga karatasi za wajumbe. Msichana alikuwa amevaa sketi ya ofisini na beji ya kampuni, na alipomwona mama yake alitabasamu, kisha akaliona lile jicho, tabasamu likafa. Mama akasukuma mlango kwa kisigino.

"Nani alimweka baba yako?"

Msichana akashusha karatasi alizoshika.

"Mimi, Mama."

Mama Flashi alikaa juu ya boksi la karatasi. Alikuwa amejiandaa kusikia jina la mtu mwingine yeyote. Njia nzima alikuwa akijisemea kwamba aliyefanya hivi si mwenyeji, maana mwenyeji angelijua koti.

Msichana akaeleza huku akitazama mlango. Meneja wa Jokofu alimwita ofisini, akampa fomu za zamani za maombi na hesabu iliyopungua, akamwambia ajaze. Alipokataa aliambiwa hayo ni makadirio tu, kwamba awamu ya pili ikijengwa watu hao wataajiriwa kweli, kwa hiyo anawaandika mapema. Akaonyeshwa pia fomu yake mwenyewe ya majaribio kazini, ambayo ilikuwa bado haijasainiwa.

"Nikajua watu watahesabu nyuso, hawatatazama makoti," alisema. "Nilikuwa nachukua fomu moja moja. Nikafika kwa baba. Mwandiko wake, Mama. Kwenye kile kipengele cha kwa nini unaitaka kazi hii, aliandika kwa sababu nina binti anayesoma. Nikashindwa kuirudisha chini."

"Ukafanya nini?"

"Nikampa kazi. Nikasema walau kwenye karatasi aipate."

Mama Flashi alitaka kumzaba kofi na alitaka kumkumbatia, na mikono isiyojua iende wapi ikabaki mapajani. Alilia kidogo, bila sauti, dakika moja tu. Halafu akauliza swali lililobaki. Ripoti imesainiwa na nani?

Msichana akainamisha kichwa. Chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na mstari mmoja, imeandaliwa na, na saini moja, yake. Meneja alisema yeye atasaini barua ya kuisindikiza, ila barua yenyewe hakuna aliyeiona.

Kwa hiyo mtego ulikuwa wazi. Mama akisema, mwanawe anakwenda jela kwa kughushi. Asiposema, saa sita mji unatoa bomba la pili na miaka kumi na mitano kwa ajira thelathini na moja, na baba wa binti huyu analinda lango milele.

"Rudi ukumbini," alimwambia. "Usiseme lolote usiloulizwa."

Ushauri mzuri huo. Kumbuka tu kwamba ulitolewa.

*

Meneja alimkuta anabadilisha betri karibu na jukwaa. Alikuwa mtu wa sauti laini, viatu visivyolia, asiyepandisha nyusi. Alimpa shikamoo yake vizuri kabisa. Akamsifu kwa kazi. Akasema awamu ya pili itahitaji mpiga picha rasmi, mtu wa hapa hapa, na yeye hawezi kumfikiria mwingine.

"Nimeona umeitazama sana ripoti yetu, Mama," aliongeza. "Ni kazi ya binti yako. Ina saini moja tu, na si yangu."

Akamtakia mchana mwema, akaenda kuketi.

Kikao kikaendelea. Wananchi waliruhusiwa kusema dakika mbili mbili, na Futikamba, aliyekuwa ameamshwa kwa kiwiko, alisimama akasema yeye alijenga Jokofu mwaka mmoja na nusu, na katika muda huo watoto wake walisahau sura ya njaa. Hana ugomvi na Jokofu. Anauliza tu, nyumba iliyojengwa na watu mia nne inakaliwaje na watu wanaotosha kwenye lori moja? Mwenyekiti akamshukuru na kumwomba akae, muda umekwisha.

Saa tano na nusu. Mama Flashi alikuwa amesimama mbele ya madiwani wote na kamera shingoni, na ghafla akaliona jambo ambalo mtu wa kazi nyingine asingeliona. Ukumbi mzima unasimama, unakaa, unasogea na kutabasamu kwa amri ya mtu mmoja, na mtu huyo si Mwenyekiti. Ni mpiga picha.

Hatashtaki mtu. Hatataja koti wala saini wala marehemu. Atapanga picha tu.

Akamsogelea Mwenyekiti, akamnong'oneza kwamba picha ya madiwani peke yao itakuwa kavu, gazeti halitaiweka mbele. Ila Mwenyekiti akisimama katikati ya wafanyakazi wenyewe, wenyeji, walionufaika na uamuzi wake, hiyo ni picha ya kutundika sebuleni. Kumi tu wanatosha, kabla ya kura, wakati mwanga wa dirishani bado mzuri.

Mwenyekiti alinyoosha koti lake papo hapo.

Meneja akainuka kusema wafanyakazi wako zamuni. Mwenyekiti akacheka, akasema mia mbili na kumi na nne hawawezi wote kuwa zamuni, na zaidi ya hapo ukumbi umejaa watu wa mji, lazima baadhi wamo. Akampa Mama Flashi ripoti asome mwenyewe.

Alichagua ukurasa kwa makini, mbali na themanini na nane. Akataja jina la kwanza. Kimya. Akataja la pili, kimya. La tatu lilikuwa la Futikamba, na akalisoma pamoja na cheo, mtaalamu wa kompyuta daraja la pili.

Futikamba alitazama nyuma kuona nani anaitwa. Ukuta.

"Mimi?" aliuliza. "Mimi hata simu ananiwashia mke wangu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Muuza nyanya akaitwa, naye yumo, na akauliza kama akiwa msimamizi wa mitambo ya baridi anaweza kupata baridi kidogo ya kuhifadhia nyanya. Kicheko kikazidi. Kinyozi alipotajwa, hakikuwa kicheko tena. Watu walianza kutazamana, kisha wakaanza kumtazama Meneja, na ule mnong'ono wa mabenchi ya nyuma ukawa mzito.

Mama Flashi akafunga ripoti. Ilitosha. Kura ingeahirishwa, wangekaa na wanasheria wiki nzima, na katika wiki nzima mtu anaweza kumtafutia mwanawe pa kusimama. Hiyo ndiyo hesabu aliyopiga.

Lakini mtu aliyeaibishwa mbele za watu hapendi kuishia njiani. Mwenyekiti, uso umemvimba, alimpokonya ripoti, akaifungua popote, akasoma kwa sauti ya kuamrisha.

"Namba themanini na nane. Mlinzi, lango kuu." Na akalitaja jina lake, la baba yake na la babu yake, yote matatu.

Kalamu ya katibu ilisimama. Binti akafunika uso.

Kutoka safu ya madiwani, mtu mmoja akainuka taratibu, kama anayeitikia kwa niaba. Alikuwa Diwani, shemeji yake Mama Flashi.

"Huyo hawezi kuja," alisema. "Ni kaka yangu wa tumbo moja. Nilimshusha kaburini kwa mikono hii."

Akamgeukia Mama Flashi. Akakumbuka korido, na lile jina alilokataa kulingoja, na machozi yakamtoka mbele ya watu wake wote waliompa kura. Hakuyafuta. Akasema kura yake ya ndiyo ameirudisha mfukoni.

*

Ungedhani Meneja amekwisha. Hukumjua Meneja.

Alisimama, akafunga kifungo, akasema kampuni imeshtuka kuliko yeyote. Imedanganywa na mtumishi wake. Akamnyooshea mkono karani aliyekaa nyuma yake, akaomba askari wa mlangoni amshikilie hadi polisi wafike, na akaomba kura iendelee, maana kosa la karani mmoja lisiunyime mji riziki.

Madiwani wawili walitikisa vichwa kukubali. Askari akapiga hatua.

"Binti," Mwenyekiti aliuliza, "hii saini ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Ulitumwa na mtu?"

Msichana akamtazama Meneja, akamtazama mama yake. "Nilitumwa. Na ushahidi ninao. Fomu zote ziko kwenye sanduku moja, na juu ya kifuniko bosi aliandika kwa mkono wake, chagua humu mia na themanini na tatu. Aliniambia nilichome. Sikuweza kulichoma, fomu ya baba imo."

"Liko wapi?"

Mama Flashi alitaka kumkonyeza, lakini walikuwa mbali. Na mtu mkweli ana kosa lake moja, hudhani kila anayemsikia ni hakimu.

"Liko studio kwa mama," alisema msichana. "Nyuma ya pazia la picha. Mwenyewe hajui."

Ukumbi ukalipuka kwa maneno. Mwenyekiti akagonga meza, akatangaza mapumziko ya nusu saa, sanduku liletwe. Madiwani wakamzunguka shemeji, huyu anampa pole, yule anamgombeza. Askari alibaki kando ya binti asijue amshike au asimshike.

Mama Flashi alitazama upande wa kampuni. Kiti cha Meneja kilikuwa kitupu, na nje gari lilikuwa linawashwa.

Alitoka mbio. Hakumbuki alivyoshuka ngazi. Gari lilipaswa kuzunguka kwa barabara kubwa, kwa hiyo alikata kwa ndani, kati ya meza za sokoni, kamera ikimgonga kifuani, sauti nyuma yake zikimuuliza Mama Flashi kuna nini. Hakuna aliyejibiwa. Miaka thelathini ya kuchuchumaa nyuma ya kamera si mazoezi ya kukimbia, na alipofika mtaa wa nyuma pumzi ilikuwa inapiga mluzi.

Gari lilikuwa limeegeshwa mlangoni. Kufuli la studio lilikuwa chini, limekatwa vipande viwili.

Akaingia.

Meneja alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, mbele ya pazia jeupe, sanduku mapajani. Maandishi ya kalamu nene yalisomeka kutoka mlangoni. Kibiriti kilikuwa juu ya kifuniko. Hakuwa na haraka yoyote.

"Karibu kwako, Mama," alisema. "Tuongee kama wazazi. Sanduku hili likifika kikaoni, nimekwisha mimi. Likiungua, amekwisha binti yako. Iko njia ya tatu. Unarudi, unawaambia umechanganya picha, wafanyakazi wote walipigwa kwako, koti ni lile lile, na marehemu aliingia orodhani kwa bahati mbaya. Wanakuamini, wewe ni mjane wake. Kura inapigwa, sanduku unalichoma mwenyewe, na mtoto anabaki na kazi yake."

"Na maji?"

"Maji yatakuwepo, Mama. Siku moja kwa wiki si haba."

Alisema hivyo bila dhihaka, na hilo ndilo lililomuuma. Mama Flashi aliona ndoo za mtaa mzima, akaona mwanawe kati ya askari wawili, akaona ule mwandiko ndani ya sanduku, kwa sababu nina binti anayesoma. Angeweza kukubali, msomaji. Usimhukumu, mwenye mwana pekee anajua.

Badala yake akatembea hadi kwenye swichi, akawasha taa mbili kubwa za studio.

"Kaa sawa," alisema.

Meneja akakunja uso. "Nini?"

"Nyanyua kidevu kidogo."

Na kama kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kigoda kile, mheshimiwa na mwizi, bwana harusi na mwombaji wa kazi, Meneja alinyanyua kidevu kabla hajafikiri. Kidole hakikugoma safari hii. Mwanga ukapiga mara moja, ukapiga mara ya pili, uso wake na sanduku lake na mwandiko wake na kibiriti chake, vyote ndani ya picha moja.

Meneja akasimama. Sanduku likaanguka, fomu zikatawanyika sakafuni, mamia ya nyuso zenye koti moja. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alipandisha nyusi. Lakini hakumtazama Mama Flashi. Alikuwa anamtazama mtu aliyekuwa nyuma ya Mama Flashi.

Mlango wa studio ukafungwa taratibu, na komeo likasukumwa kwa ndani.